Neno "Sloth" na Hukumu ya Uvivu katika Maandishi ya Njia ya Misafara ya Tabora

Neno la Kiingereza "sloth" lina maana mbili ambazo mfasiri wa Kiswahili hana budi kuzitenga. Ya kwanza ni uvivu, tena uvivu kama kilema cha roho, mmojawapo wa vilema vikuu saba katika mafundisho ya Kanisa Katoliki. Ya pili ni mnyama wa misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, aishiye mitini akining'inia kwa kucha zake ndefu. Kihistoria, kilema ndicho kilichotangulia. Neno lenyewe limetokana na kivumishi chenye maana ya "-a polepole", likatumika kutaja uvivu tangu Zama za Kati. Mnyama alibandikwa jina hilo katika karne ya 17, kwa kuwafuata Wareno waliomwita "preguiça", yaani uvivu. Wafaransa na Wajerumani nao wana majina yenye hukumu hiyohiyo. Linnaeus, kwa upande wake, aliliita jenasi lake Bradypus mwaka 1758, yaani "mwenye miguu ya polepole", jina linaloeleza mwendo bila kumshutumu mwenye kwenda.

Shutuma hiyo haina msingi. Mnyama huyu hula majani yenye nguvu haba, ambayo tumbo lake huchukua siku nyingi kuyasaga, na utaratibu wake ndio unaomwezesha kuishi kwa chakula hicho. Hata hivyo jina lilikwisha kushika. Liliposhika, kosa la kimaadili liligeuzwa kuwa maumbile: kiumbe hakufanya uvivu, bali aliumbwa uvivu.

Mnyama huyo hayupo Tabora wala popote katika Afrika. Tunamleta hapa kwa sababu kitendo hichohicho cha kugeuza hukumu kuwa maumbile kinaonekana katika maandishi ya wasafiri waliopita Unyanyembe, na mfasiri asiyekitambua atakihamishia katika Kiswahili bila kukusudia. Mfano wetu ni Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, siku 134 baada ya kuondoka pwani. Katika kitabu chake cha 1860 kuhusu nchi za maziwa, sura ya maisha ya kijijini inamchora Mwafrika kama mtu wa kukaa, kuvuta tumbaku na kupiga soga. Kwingineko katika kitabu hichohicho anakiri kwamba kwa Wanyamwezi kazi ya upagazi ni kipimo cha uanaume, na kwamba watoto wa miaka sita au saba hubeba pembe ndogo za ndovu mabegani. Kukiri huko kungeweza kuivunja picha ya kwanza. Lakini Burton anaiokoa picha yake kwa tashbihi: watoto hao, asema, ni wapagazi kwa silika, kama watoto wa mbwa wa kuwindia walivyo wawindaji kwa kuzaliwa. Kwa hiyo Mwafrika akikaa ni maumbile, na akibeba mzigo wa frasila mbili hadi Bagamoyo ni maumbile pia. Ujira, mapatano na hiari vyote vimetoweka. Stephen Rockel, katika utafiti wake wa 2006, ameonyesha kwa kirefu kwamba wapagazi walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye desturi na heshima ya kazi yao. Sisi tunaongeza tu kwamba ushahidi huo ulikuwamo tayari ndani ya Burton, umefunikwa na mbwa.

Katika aya hiyohiyo mna hazina ambayo wahakiki hawapaswi kuipita upesi. Burton anaarifu kwamba Wanyamwezi walimsema mtu asiyesafiri kuwa amekaa kibandani akiatamia mayai. Anaufasiri usemi huo kwa kauli ya Shakespeare kuhusu vijana wasiotoka nyumbani, na anaiona kauli hiyo kuwa ndiyo yenye umaridadi zaidi. Hapo tunatofautiana naye. Kauli ya Shakespeare inahusu akili inayodumaa. Usemi wa Wanyamwezi unahusu kazi na mahali pake. Kuku aatamiaye hafanyi uvivu hata kidogo: anafanya kazi yake, na bila yeye hakuna vifaranga. Kichekesho ni kwamba kijana ameshika kazi isiyokuwa yake, na mayai hana. Kuku habandikwi ila yoyote. Kijana naye anaweza kuinuka kesho, akajitwisha mzigo, na usemi ukakoma kumhusu. Mnyama wa Kiingereza hana nafasi ya kuinuka.

Kiswahili kina msamiati wa kutosha kuitunza tofauti hii. Uvivu ni kukataa kazi. Uzembe ni kuifanya ovyo. Ajizi, ambayo methali yasema ni nyumba ya njaa, ni kuahirisha. Upolepole si mojawapo ya hayo: kawia ufike, wasema wahenga. Kobe na kinyonga hutajwa kwa mwendo wao, lakini hakuna kati yao aliyepewa uvivu kuwa jina.

Kwa sababu hiyo hatuungi mkono kumwita mnyama huyo "mvivu" katika vitabu vya biolojia, ijapokuwa tafsiri hiyo ni rahisi na mwanafunzi ataikumbuka. Umbo "slothi" linatosha, likifuatiwa na maelezo mafupi. Katika maandishi ya misafara mfasiri aamue kila mara kama mwandishi anataja mwendo, mapumziko au kosa. Tippu Tip, anaposimulia wapagazi wa Uzaramo waliomtoroka, anataja kutoroka, kisha anaeleza jinsi alivyowakamata na kuwafunga minyororo. Ukatili huo haufichwi, na msomaji anaelewa kwamba waliokimbia walikuwa na nia yao. Mfasiri akiandika "wavivu" mahali kama hapo, nia hiyo itakuwa imefutwa.