Kivuli Kwanza, Rangi Baadaye: Chambo cha Njege Kinavyofungwa Nairobi

Maji ya Mto Nairobi yanayopita Kariobangi na Dandora yamejaa taka, wala hakuna anayeyategemea kwa uvuvi. Lakini jiji hilihili ni miongoni mwa vituo vinavyojulikana duniani kwa kufunga flai, yaani chambo cha manyoya na singa kinachofungwa kwa uzi juu ya ndoana. Fulling Mill, kampuni ya Uingereza, ina kiwanda chake hapa. Katika mitaa ya Eastlands wapo mafundi waliozoea jiliwa na uzi kama wengine walivyozoea cherehani, na wengi wao hawajawahi kumwona samaki atakayekimeza chambo wanachokifunga.

Ufundi huu ulianzia kwa trauti, samaki waliopandwa katika Mto Gura, Aberdare, mwaka 1905. Trauti hula wadudu, kwa hiyo mkono wa fundi ulizoea udogo na unadhifu. Siku hizi kuna oda za aina nyingine kabisa: flai za samaki mwindaji, hasa wa jenasi ya Hydrocynus, ambaye wavuvi wa Kilombero humwita njege. Wageni humfuata Tanzania, kwenye mito ya Mnyera na Ruhudji, na ndoana ndogo ya trauti haina kazi huko.

Flai ya kujifunzia ni Clouser Minnow. Ilibuniwa na Bob Clouser kwenye Mto Susquehanna, Pennsylvania, miaka ya 1980. Siri yake iko kwenye macho mawili ya risasi yanayofungwa upande wa juu wa shina la ndoana, nyuma kidogo ya tundu lake. Ikiingia majini, uzito huo huipindua ndoana, ncha ikatazama juu. Hapo ndipo fundi wa trauti anapokosea. Ndoana ikiwa kwenye jiliwa, ncha chini, yeye hufunga singa za kijani upande wa juu kwa sababu mgongo wa samaki ndio wenye rangi, na nyeupe akaziweka chini. Kazi inapendeza mezani, lakini ikizama hupinduka: tumbo linakuwa la kijani na mgongo mweupe. Utaratibu sahihi ni kuanza na nyeupe juu ya shina, kugeuza ndoana, kisha kufunga nyuzi chache za kumeta na singa za kijani upande wa ncha.

Kosa la pili ni unene. Singa za mkia wa kulungu zikiwa kavu huonekana chache, na fundi huongeza akidhani anamtendea mteja wema. Fungu la kila rangi lisizidi unene wa vijiti viwili vya kiberiti. Zikizidi, maji hayapiti katikati yake, flai haichezi, na macho ya risasi hayaizamishi haraka. Urefu nao una mpaka, maana meno ya njege yanayopishana kama mkasi hukata chochote kilichoachwa mbali nyuma ya ndoana. Kwa sababu hiyohiyo mvuvi huweka waya mbele ya flai.

Sasa rangi. Wanaouza hupenda kuipa nafasi ya kwanza, nami siwakubalii. Njege akiwinda kutoka chini, anachokiona juu yake ni umbo dhidi ya mwanga wa anga. Mwaka 2014 watafiti wa Afrika Kusini waliripoti jinsi samaki wa jamii hii katika bwawa la Schroda walivyokuwa wakiruka na kuwadaka mbayuwayu angani. Kwa jicho la namna hiyo, nyeusi ndiyo rangi yenye nguvu kuliko zote wakati wa machweo na katika maji mazito, kwa kuwa hutoa kivuli kilicho wazi.

Mwanga wenyewe hubadilika majini. Katika maji maangavu nyekundu hufifia mapema, na bluu huzama mbali zaidi. Katika mto uliojaa tope au maji ya rangi ya chai kutokana na majani yaliyooza, bluu ndiyo inayozimika kwanza, na njano, rangi ya chungwa na nyekundu hudumu zaidi. Ndiyo maana flai nyeusi yenye nyekundu au chungwa ina maana katika mto mchafu wa masika, na kijani cha ndimu juu ya nyeupe hufanya kazi mchana maji yakiwa safi. Kijani hicho kinachowaka hupokea mwanga wa mawimbi mafupi na kuurudisha kama njano na kijani, kwa hiyo hung'aa hata kukiwa na mawingu.

Tatizo la Eastlands ni kwamba chumba cha chini katika ghorofa zilizobanana hakipati jua, na balbu ya manjano hudanganya: nyeupe na krimu huonekana ndugu, zambarau ikawa nyeusi. Fungu la singa litolewe nje likaangaliwe kabla ya dazeni nzima kufungwa. Flai ya kwanza iwekwe kwenye karai la maji, kisha maji hayo yachanganywe na udongo kidogo. Hapo fundi ataona ni kipi kinachobaki kikionekana, na kama flai inageuka inavyopaswa. Jaribio hilo ni la dakika chache, na dazeni iliyofungwa kinyume hurudishwa na mnunuzi bila malipo.

Mzigo huu lakini si wa fundi peke yake. Oda nyingi hutaja jina la flai, namba ya ndoana na rangi, basi. Mnaoagiza, andikeni pia mto ni upi, maji yakoje na flai itatumiwa saa ngapi, kwa kuwa fundi wa Kayole ana uwezo wa kupima singa na rangi kulingana na maji hayo akishaambiwa ni ya namna gani.