Vipande vya Sekunde Ishirini

Vaa hedifoni, zima taa, kisha weka "I Feel Love" ya Donna Summer. Usiinuke kucheza kwanza. Sikiliza besi peke yake. Inaingia kwa mbali, inakaribia, na punde utahisi inakimbia kichwani mwako, kushoto, kulia, kushoto, kulia, bila kuchoka wala kuvuta pumzi, kwa karibu dakika sita. Sasa ondoa hedifoni kwenye sikio la kulia. Mbio zimepungua nusu! Noti ulizodhani ni nyingi kumbe ni chache. Kila noti iliyopigwa upande wa kushoto inafuatwa na mwangwi wake upande wa kulia, na mwangwi huo umepimwa uangukie katikati kabisa, pale noti moja imekwisha na nyingine haijafika. Mashine ilipiga nusu tu ya unachokisikia. Nusu iliyobaki ni mwangwi.

Nimelirudia zoezi hili mara nyingi, na bado linanipa raha ileile ya kumtazama mchonga milango wa Zanzibar akipitisha patasi kwenye mvule. Wimbo huu ulirekodiwa Munich, Ujerumani Magharibi, ukatoka mwaka 1977. Sintesaiza, mashine ya kuunda milio kwa umeme, ilikuwepo kabla yake, lakini mara nyingi ilitumika kama kiungo, kijiko kimoja juu ya gitaa na drami. Hapa ikawa chakula chenyewe. Sehemu kubwa ya pop ya sintesaiza iliyofuata inadaiwa na wimbo huu. Ndiyo maana nataka kueleza ulivyotengenezwa, kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema muziki wa mashine ni muziki wa kubonyeza kitufe na kukaa kando.

Kazi ilifanyika katika studio ya Musicland, chini ya jengo refu la Arabella. Watunzi walikuwa watatu. Giorgio Moroder alikuwa Mwitaliano kutoka mabonde ya milima ya Alpi. Pete Bellotte alikuwa Mwingereza. Donna Summer alikuwa binti wa Boston, Marekani, aliyekulia kwenye uimbaji wa kanisani na kufika Munich mwaka 1968 kuigiza katika tamthilia ya muziki ya Hair, akabaki Ulaya kwa miaka kadhaa. Mwaka 1975 watatu hawa walikuwa wametikisa kumbi za disko kwa "Love to Love You Baby". Sasa walikuwa wanatengeneza albamu ya I Remember Yesterday, ambayo nyimbo zake zilikumbuka zama mbalimbali za muziki. Wimbo wa mwisho ulitakiwa uwe wa zama ambazo hazijafika.

Zama ambazo hazijafika zinalia vipi? Moroder aliamua kwamba wimbo huo usiwe na ala yoyote ambayo sikio limeizoea. Violini zikae nje, gitaa likae nje, besi ya nyuzi ikae nje. Kila mlio utoke kwenye sintesaiza ya Moog.

Mashine hiyo ilikuwa imeanza mwaka 1964, pale mhandisi Robert Moog wa New York aliposhirikiana na mtunzi Herbert Deutsch. Mwaka 1968 Wendy Carlos aliitumia kupiga muziki wa Bach katika albamu ya Switched-On Bach, na watu wengi wakaisikia kwa mara ya kwanza. Moog iliyotumika Munich ilikuwa mali ya Eberhard Schoener, mtunzi wa muziki wa kiorkestra, na aliyeijua undani wake alikuwa msaidizi wake, fundi aliyeitwa Robby Wedel.

Anayekijua kinanda cha siku hizi asije akadhani Moog hiyo ilikuwa kitu cha kubonyeza kikalia. Ndani yake hamkuwa na filimbi wala tarumbeta iliyowekwa tayari. Yalikuwa makabati yaliyojaa vifundo vya kuzungusha, matundu, na nyaya nyingi za kuunganisha tundu hili na lile. Fundi alianzia kwenye umeme mtupu. Umeme unatetemeka; ukitetemeka haraka mlio unakuwa mwembamba, ukitetemeka polepole unakuwa mnene. Ongeza volti moja na sauti inapanda oktava nzima. Mlio huo mbichi ni mkali, kama nyigu aliyenaswa ndani ya kopo. Ndipo unapopitishwa kwenye chujio, likapunguza makali kiasi fundi anavyotaka, kama mpishi anavyochuja tui. Halafu inakuja hatua ninayoipenda kuliko zote, ya kuupangia mlio umri wake: utoke ghafla au uvimbe taratibu, udumu kwa muda gani, ufe vipi. Ukitoka ghafla na kufa upesi, unapata kitu kama uzi wa udi uliodonolewa. Ukijaa taratibu na kudumu, unakaribia zumari. Umeme ni uleule. Kilichobadilika ni kifundo kilichozungushwa upana wa ukucha.

Noti zenyewe zilipangwa kwenye sikwensa, kifaa kinachozipitia moja baada ya nyingine na kurudi mwanzo bila kusahau. Fundi akitaka wimbo upande, anazipandisha zote kwa pamoja. Ukiisikiliza ile besi ya mwanzo, utasikia kitu hicho hasa: kifungu kifupi kinachojirudia, kisha kinahama chote kizima, kama familia inayohama na mizigo yake.

Hadi hapo kazi inaonekana nyepesi. Tabu ni kwamba Moog ilikuwa haitulii. Vipande vyake vya umeme vilibadilika kwa joto, na joto la mashine lilipanda kadiri ilivyofanya kazi, kwa hiyo sauti iliyokuwa sawa sasa hivi ilikuwa imeteleza baada ya muda mfupi. Kwa ajili hiyo walirekodi vipande vya sekunde 20 au 30, wakasimamisha kanda, wakatyuni upya, wakaendelea pale walipoachia. Kisha tena. Kisha tena. Mpiga kanuni wa Zanzibar anaijua tabu hiyo. Ala yake ina nyuzi zaidi ya sabini, na kabla ya taarab kuanza utamkuta ameinama na ufunguo wake, anabana huu, analegeza ule, anasikiliza. Lakini yeye akishamaliza, hupata nafasi ya kupiga wimbo mzima. Watu wa Munich hawakuipata nafasi hiyo. Wimbo unaosikika kama mto usio na kituo ulichotwa kikombe kwa kikombe.

Ikaja tabu ya pili, nayo ndiyo iliyoonyesha ufundi wa Wedel. Moog ile ilitoa sauti moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila sehemu ya wimbo ilirekodiwa peke yake kwenye treki yake, juu ya kanda yenye treki 16. Sehemu ya pili ingejuaje wapi sehemu ya kwanza inapiga? Binadamu angesikiliza na kufuata. Mashine haina sikio. Ukiziacha mbili zikimbie kila moja kwa saa yake, baada ya muda mfupi zinaachana, na masikio yetu hayasamehe kosa la aina hiyo. Wedel alitenga treki moja kati ya zile 16, akarekodi humo alama za mapigo, tik, tik, tik, na kila sehemu mpya ilipoanza, Moog ilisoma alama hizo kutoka kwenye kanda na kupiga kwa amri yake. Treki hiyo haisikiki popote kwenye santuri. Hakuna aliyewahi kuicheza kwenye disko. Lakini kila kinachosikika kimeegemea juu yake, kama nyumba ilivyoegemea msingi uliofukiwa. Jina la Wedel lilijulikana kwa wachache kwa miaka mingi, na kila nikiusikia wimbo huu humtaja kimoyomoyo.

Halafu drami. Matoazi na mipigo mikali nayo ilitolewa kwenye Moog, kutoka kwenye ile sauti ya "shhhh" unayoisikia redio inapokosa stesheni. Walichukua shhhh hiyo ndefu wakaikata vipande vifupi sana, kila kimoja kikifunguka na kufungwa kwa nukta ya sekunde, hadi ikawa "ts, ts, ts". Nani angefikiri kwamba uchafu wa redio una toazi ndani yake?

Mlio mmoja tu uliwashinda, ule mshindo mzito wa drami kubwa inayopigwa kwa mguu, ambao hutuingia kifuani kabla haujafika masikioni. Walijaribu kuutoa kwenye Moog, haukuwa na nguvu waliyoitaka. Basi wakamwita mpiga drami, Keith Forsey. Mpiga drami mzoefu ana mikono miwili, miguu miwili, na mbwembwe alizozitafuta kwa miaka. Forsey alitakiwa aziache zote na kukanyaga pigo moja, lilelile, kwa nguvu ileile, sambamba na mashine isiyokosea. Akafanya hivyo. Huo ni unyenyekevu wa kifundi ambao hatuusifu vya kutosha, wa mtu anayeweza mengi kukubali kufanya dogo moja, na kulifanya kwa ukamilifu.

Juu ya hayo yote ikawekwa sauti ya Donna Summer. Sehemu zote za chini zimekatwa kwa rula, zina kona kali. Yeye anaingia juu yake kwa sauti nyembamba ya kichwani, laini kama moshi wa udi unaopanda chumbani, maneno machache, kila neno likivutwa hadi likaribie kuyeyuka. Alikuwa na kifua cha kanisani, angeweza kuitikisa studio. Hakuitikisa. Alijua kwamba mashine ikishika mwendo, mwimbaji anaachiwa uhuru wa kuelea. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, na sijui wimbo unaoustahili usemi huo kuliko huu.

Mwanzoni wimbo uliwekwa upande wa pili wa santuri, nyuma ya wimbo wa taratibu. Ma-DJ na wachezaji waliigeuza santuri wenyewe. Julai 1977 ulishika nafasi ya kwanza Uingereza, ukakaa huko wiki nne. David Bowie, aliyekuwa akirekodi Berlin wakati huo, alisimulia baadaye jinsi mwenzake wa studio, Brian Eno, alivyomjia mbio na santuri hiyo akidai amesikia sauti ya wakati ujao. Hakukosea. Human League waliipeleka sintesaiza kileleni Uingereza mwaka 1981 kwa "Don't You Want Me", na New Order wakatoa "Blue Monday" mwaka 1983. Mashine nazo zilizidi kutulia. Prophet-5 ya mwaka 1978 iliweza kukumbuka milio iliyoundwa, na DX7 ya Yamaha ya mwaka 1983 iliuzwa kwa wingi duniani. Tabu ya kutyuni kila baada ya sekunde 20 ikaisha.

Huku kwetu kinanda kilishika kazi ya violini na akodioni katika taarab ya kisasa ya miaka ya 1990, na singeli ya Dar es Salaam ikaja kukata vipande vya taarab hiyo na kuvikimbiza. Siku ukikaa karibu na mpiga kinanda wa taarab, usitazame mkono wake wa kulia unaokimbia juu ya noti. Tazama wa kushoto. Umetulia pembeni kwenye gurudumu dogo, na pale mwimbaji anapoivuta sauti kwa uchungu, kidole gumba kinalisukuma gurudumu kidogo sana, noti inapinda, ukumbi unaitikia, tuzo zinatolewa. Gurudumu hilo ni urithi kutoka Minimoog ya mwaka 1970. Mashine ilikuja na gurudumu. Kujua ni wapi noti ipindishwe, na kiasi gani, mpigaji alijifunza mwenyewe usiku kwa usiku.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema umeme uliondoa mkono wa mtu kwenye muziki. Mkono ulihama. Ulitoka kwenye uzi na ngozi ukaenda kwenye kifundo, kwenye waya, kwenye ukimya wa treki isiyosikika. Huko hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo hausifiwi. Lakini wa kuusifu wapo. Mwaka 2013 Daft Punk walimkalisha Moroder mbele ya maikrofoni, akasimulia maisha yake na Moog yake ndani ya wimbo waliouita kwa jina lake. Na Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka "I Feel Love" miongoni mwa rekodi za kuhifadhiwa kwa vizazi.

Mimi huusifu kwa kusikiliza. Kila nikiuweka wimbo huu huwa nautegea sikio nikitafuta maungio, mahali kipande cha sekunde 20 kilipokoma na kingine kikaanza, kama mtu anayegeuza kanzu ndani nje kutafuta mshono wa fundi. Miaka yote hii sijaupata hata mmoja. Ninachokisikia, kila mara, chini kabisa ya mashine zote hizo, ni mguu wa mtu unaokanyaga.