Simu Inayosikia Hata Ukikaa Kimya

Nimeishika, nimeichokonoa kila kona, nimetembea nayo usiku kutoka maktaba hadi bwenini, na tangu hapo sina habari nyingine ya kusimulia. Rave Guardian, programu ya usalama ya simu! Kama una mdogo wako, binti yako au rafiki anayesoma katika chuo kikuu cha Marekani kinachoitumia programu hii, acha unachofanya, mpigie, aipakue leo. Mwanafunzi halipi kitu. Gharama ni ya chuo. Unajisajili kwa barua pepe ya chuo, basi, umeingia.

Kilichonipagawisha ni kipima muda. Unawateua watu unaowaamini: mwenzako wa chumba, dada, mama. Unaweka dakika zinazotosha safari yako, unaondoka. Ukifika salama, unakizima. Usipokizima, hakikungoji uombe msaada! Muda ukiisha, wale uliowateua wanapata taarifa, na pale ambapo chuo kimeunganisha mfumo na kikosi chake cha usalama, askari wa kampasi nao wanajua. Yaani ukimya wako wenyewe ndio unaopiga kengele. Katika vifaa vyote vya usalama nilivyowahi kuvisifia, sijakutana na wazo zuri kuliko hili.

Zitazame zile nguzo zenye taa ya buluu ambazo kwa miongo kadhaa zimesimama kwenye kampasi za Marekani. Nguzo inakutaka uifikie, ubonyeze kitufe, useme una shida gani. Lakini anayekimbizwa hachagui njia, na aliyezirai hana mkono wa kunyoosha. Nazipenda taa zile, zinatia moyo kiza kikiingia, ila zinamfaa mtu ambaye bado ana nguvu za kujiokoa. Kipima muda kinamfikiria asiyekuwa nazo.

Na kiu hii ya kuwahi kutoa taarifa ina historia chungu. Tarehe 16 Aprili 2007, katika chuo cha Virginia Tech, wanafunzi wawili walipigwa risasi bwenini yapata saa moja na robo asubuhi. Barua pepe ya kwanza ya kuijulisha jumuiya ya chuo ilitoka saa tatu na dakika 26. Robo saa hivi baadaye, muuaji alikuwa ndani ya jengo la Norris Hall akifyatua risasi darasa baada ya darasa. Watu 32 waliuawa siku hiyo. Zisome tena saa hizo! Zaidi ya saa mbili zilipita, na taarifa ilipotoka iliingia kwenye sanduku la barua pepe, mahali ambapo mtu aliye katikati ya kipindi hana sababu ya kupachungulia. Mwaka 2008 Bunge la Marekani liliongezea makali sheria ya Clery ya usalama wa vyuo, iliyopewa jina la Jeanne Clery, mwanafunzi aliyeuawa chumbani kwake katika chuo cha Lehigh mwaka 1986. Sasa chuo kinachopokea fedha za serikali kuu hakina ruhusa ya kuchelewa: dharura ikithibitishwa, watu wajulishwe mara moja. Naye Kristina Anderson, aliyepigwa risasi tatu akiwa darasani Norris Hall na akanusurika, akawa miongoni mwa waanzilishi wa LiveSafe, programu inayoshindana na hii niliyonayo. Napenda ushindani wa namna hiyo, kila upande ukihangaika kuokoa dakika.

Halafu kuna sehemu ya kuandikiana na kikosi cha usalama. Unaeleza ulichokiona, unaweza kuambatisha picha, unaweza kuficha jina, na upande wa pili unakujibu. Hakuna sauti inayotoka! Hapo mawazo yangu yaliruka moja kwa moja hadi Garissa, Kenya, alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, shambulio lililoua watu 148 chuoni. Mwanafunzi mmoja alijificha kabatini, akatolewa akiwa hai siku mbili baadaye. Mtu aliye mahali kama pale hawezi kupiga simu na kusema "niko hapa". Kuandika anaweza. Ndiyo maana natamani vyuo vyetu vya Kenya na Tanzania vipate kitu cha aina hii, kilichotengenezwa kwa mazingira yetu, kinachofanya kazi hata bando likiisha na hata kwenye simu ya vitufe, kwa ujumbe mfupi wa kawaida.

Kitufe cha kupiga simu ya dharura kipo, kikubwa, hakihitaji maelezo. Hofu ya kufuatwafuatwa mchana kutwa nayo haikunishika, kwani safari ya kipima muda unaianzisha mwenyewe na kuifunga mwenyewe. Sharti langu kwa wakuu wa vyuo ni moja tu, nalo ni zito: awepo mtu wa zamu saa 24, aliyefunzwa, mwenye gari lenye mafuta. Taarifa ikitua mezani pasipo na mtu, chuo kimenunua mapambo.

Ukiipakua, usikimbilie kuijaribu kabla hujajaza wasifu wako. Weka picha ya sasa, jina la bweni, namba ya chumba, pumu kama unayo, na dawa unazotumia. Kisha mteue angalau mtu mmoja ambaye halali mapema na simu yake haikauki chaji.