Bin Nani?

Jioni ya tarehe 4 Desemba 1889, Wajerumani waliwaandalia karamu wageni waliofika Bagamoyo kutoka bara pamoja na mpelelezi Stanley. Karamu haijaisha, mmoja wa wageni hao, mtu asiyeona mbali, aliporomoka kutoka ghorofani akapasuka fuvu. Watu walimjua kwa jina la Emin Pasha. Alinusurika, na mwaka uliofuata akarudi bara akiwatumikia Wajerumani.

Mimi humpenda kwa jambo jingine. Sijui mwalimu aliye bora kuliko yeye kwa anayetaka kujifunza kazi ya kufuata nasaba kwenye nyaraka, hasa nasaba ya Kiyahudi.

Kazi hiyo huanzia pale unapopajua, kisha ukarudi nyuma polepole. Gavana wa Ikwatoria, jimbo la kusini mwa Sudan, tangu 1878 aliitwa Mehmed Emin. Nyuma yake yupo Eduard Schnitzer, daktari aliyehitimu mwaka 1864. Nyuma ya daktari kuna mtoto aliyebatizwa Kilutheri, kwa kuwa baba yake, Ludwig, alifariki mwaka 1845 na mama akaolewa na Mkristo. Mwenye haraka angefunga daftari hapo, akaapa kwamba ukoo huu ni wa Kilutheri. Mwenye subira angerudi miaka michache tu, hadi Oppeln, Silesia, 28 Machi 1840, akamkuta Isaak Eduard katika nyumba ya Kiyahudi.

Schnitzer kwa Kijerumani ni mchongaji. Katika mji wa milango ya nakshi kama Bagamoyo, jina hilo linavutia, lakini lisikudanganye ukadhani umempata babu mwenye patasi. Ni mwaka 1812 ndipo sheria ya Prussia ilipowataka Wayahudi wawe na majina ya ukoo yasiyobadilika. Kabla ya hapo wengi walijulikana kwa jina lao na la baba: fulani ben fulani. Hiyo “ben” ya Kiebrania ni ndugu wa damu wa “bin” yetu, na hata kwenye jiwe la kaburi la Kiyahudi jina la baba huandikwa. Anayejua kusoma Salum bin Omari ana nusu ya ufunguo mkononi.

Kalenda nayo ina darasa lake. Siku aliyozaliwa Isaak Eduard, Wayahudi walikuwa katika mwaka wa 5600, na Waislamu katika mwaka 1256 Hijria. Sisi wa pwani, tuliolelewa na kalenda mbili ukutani, hilo halitutishi.

Kisha mipaka. Oppeln leo ni Opole, nchini Poland, kwa hiyo anayetafuta karatasi huuliza mji kwanza, bendera baadaye. Vivyo hivyo kwetu: karatasi za utawala wa Kijerumani, nyingine zimo Dar es Salaam, nyingine Berlin.

Bibi yangu alikuwa na jina la nyumbani, jina la parokiani, na la tatu kwenye kadi ya kliniki, yote aliyaitikia. Kwa ajili yake ninawaheshimu watu wanaoinama juu ya wino uliofifia siku nzima kwa ajili ya mstari mmoja. Mbele ya kila jina huuliza liliandikwa na nani, mwaka gani, na mwenye jina alikuwa na haja gani kwa karani yule. Huo ni upendo, tena wa kazi ngumu, kwa watu wasioweza tena kujisemea.

Emin alifika Bagamoyo na binti yake mdogo, Ferida, ambaye mama yake alikuwa Mhabeshi. Baadaye mtoto alipelekwa Ujerumani, akalelewa na shangazi yake. Kwa upande wa baba, madaftari ya Silesia yanaweza kumpandisha mtafiti kizazi baada ya kizazi. Ila Ferida anataka aulizwe mara mbili: binti nani, kwa baba, na binti nani, kwa mama.