Simbu na Ufundi wa Kungoja

Alphonce Felix Simbu, mzaliwa wa mkoa wa Singida na askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ni bingwa wa dunia wa marathoni. Wapo wengi waliowahi kukimbia kilomita 42.195 kwa muda mzuri kuliko wake. Alichowazidi ni ufundi wa kungoja: kujua lini mguu uzuiwe na lini uachiwe.

Ufundi huo hauonekani sana katika marathoni nyingi za mijini, ambako waandaaji huweka wakimbiaji maalumu wa kuvuta kasi. Kwenye Olimpiki na Mashindano ya Dunia hakuna wa kuvuta. Kundi huenda likitegeana, likilegea, mara mmoja anachomoka kuwapima wenzake. Anayemfukuzia kila anayechomoka huishiwa pumzi mapema. Asiyemfuata yeyote huachwa. Kuamua nani afuatwe na nani aachwe ajichoshe, tena wakati mapaja yanawaka, ni kazi ya akili kama ilivyo ya miguu.

Simbu alijifunza kazi hiyo taratibu. Alishika nafasi ya tano kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na Januari 2017 akashinda marathoni ya Mumbai. Agosti mwaka huo, jijini London, alipata shaba ya dunia kwa saa 2:09:51, sekunde mbili tu nyuma ya Tamirat Tola wa Ethiopia aliyechukua fedha. Mwaka 2021 alikuwa wa saba kwenye Olimpiki. Mwaka 2022 akapata fedha ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham, nyuma ya Victor Kiplangat wa Uganda. Paris 2024 alimaliza wa 17, na ingekuwa rahisi kudhani kwamba safari imefika ukingoni.

Aprili 2025, Boston, alishika nafasi ya pili kwa saa 2:05:04, muda uleule aliopewa Cyprian Kotut wa Kenya aliyekuwa wa tatu. Huo ulikuwa ushahidi kwamba Simbu, akiwa na umri wa miaka 33, bado alikuwa na mbio za kumalizia.

Tarehe 15 Septemba mwaka huohuo, kwenye Mashindano ya Dunia, katika joto la Tokyo, watu watatu waliingia uwanjani wakiwania dhahabu: Simbu, Amanal Petros wa Ujerumani na Iliass Aouani wa Italia. Petros alichomoka, na katika mita za mwisho bado alikuwa mbele. Simbu hakukata tamaa wala hakupapatika. Alimkaribia hatua kwa hatua hadi wakafika mstarini pamoja, Petros akijirusha mbele na kuanguka. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48. Simbu mwenyewe hakuwa na hakika ya ushindi mpaka alipoliona jina lake juu ya mengine kwenye skrini ya uwanja. Picha ya mstari wa mwisho ilionyesha tofauti ya sekunde 0.03, ambayo kwa kasi ile ni kama shibiri moja. Fainali ya mita 100 ya wanaume katika mashindano hayohayo iliamuliwa kwa pengo kubwa zaidi.

Kabla ya hapo Tanzania, nchi ya wakimbiaji mashuhuri Filbert Bayi na Juma Ikangaa, ilikuwa haijapata dhahabu hata moja ya Mashindano ya Dunia ya riadha. Medali yake ya juu kabisa ilikuwa fedha ya Christopher Isegwe, naye wa marathoni, Helsinki mwaka 2005.