Mgeni Asiyejua Kuwa Ni Mgeni

Mtumiaji wa VM/370, mfumo wa IBM wa mashine pepe, mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikaa mbele ya terminali inayofanana na taipureta, akaandika LOGON na jina lake, kisha akaandika IPL CMS. Amri hii ya pili ndiyo ya kutazama. Kwenye kompyuta kuu za IBM, IPL lilikuwa zoezi la mikono: mwendeshaji alizungusha swichi za paneli hadi kwenye namba ya diski, akabonyeza kitufe, mashine ikaamka na kupakia mfumo wake. Jamaa yetu hakuwa na paneli. Pengine mashine yenyewe hakuwahi kuiona. Kitufe alikibonyeza kwa kukiandika, na vingine pia aliviandika: cha kuchungulia kumbukumbu, cha kubadili kilichomo, cha kusimamisha prosesa. Kwenye mashine hiyo hiyo, dakika hiyo hiyo, wenzake kadhaa walikuwa wakibonyeza vya kwao, na hakuna aliyemkanyaga mwenzake.

Wazo hili la kumpa kila mtu mashine yake ya kuigiza lilizaliwa katika kituo cha utafiti cha IBM mjini Cambridge, Massachusetts, kilichofunguliwa mwaka 1964. Mwaka huo huo jirani yao MIT aliwatosa: kwa mradi wa Multics alichagua mashine za General Electric. IBM ikajibu kwa TSS/360, mfumo uliotaka kufanya kila kitu na ukachelewa kama mifumo ya aina hiyo inavyochelewa. Huku nyuma, kikundi kidogo cha Robert Creasy na Les Comeau kilichukua System/360 Model 40, kikaifungia kifaa cha pekee cha kutafsiri anwani, na kufikia Januari 1967 CP-40 ilikuwa inafanya kazi, ikigawa mashine moja kuwa mashine pepe 14. Ikafuata CP-67, halafu VM/370, iliyotangazwa Agosti 2, 1972.

Ujanja wao ulikuwa kukataa kazi. CP, sehemu ya mfumo inayogawa mashine, haijui faili ni nini, haina kihariri, haina lugha ya programu. Inajua jambo moja tu: kuigiza mashine ya System/370, pamoja na kisoma kadi na printa yake, hata kama kadi zenyewe hazipo. Faili na kihariri ni kazi ya CMS, mfumo mdogo wa mtu mmoja usio na ulinzi wowote dhidi ya majirani, kwa sababu kwa macho yake majirani hawapo. TSS ilijaribu kubeba mizigo hii miwili kwa mgongo mmoja.

Maigizo yote yanasimama juu ya tabia moja ya maunzi. Prosesa ya IBM ina hali mbili, ya msimamizi na ya programu za kawaida. Amri nyeti, kama kuanzisha diski au kubadili hali yenyewe, zikitolewa katika hali ya kawaida hazitekelezwi. Prosesa inakatiza kazi na kumkabidhi msimamizi. Basi CP inawaendesha wageni wote, yaani mifumo iliyomo ndani ya mashine pepe, katika hali ya kawaida, hata yule anayejiona msimamizi. Mgeni akitoa amri nyeti, prosesa inapiga yowe na CP inaamka. Inafungua daftari la mgeni huyo, linaloitwa VMBLOK, na kuuliza: kwa imani yake mwenyewe, alikuwa msimamizi? Kama ndiyo, CP inaigiza matokeo ya amri ile na kumrudisha kazini. Kama siyo, inamrushia katizo lile lile ambalo maunzi halisi yangemrushia, alishughulikie mwenyewe. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Huyu hapewi kamwe, ila kila akinyoosha mkono anaona shamba limelimwa.

Kumbukumbu ilikuwa na fundo lake. Mgeni naye anaweza kuwa mfumo wenye kurasa zake na majedwali yake ya anwani. Hapo pana tafsiri mbili, nayo maunzi yanajua kufanya moja. CP ikatengeneza majedwali kivuli yanayoruka hatua ya kati: kutoka anwani ya ndani kabisa ya mgeni moja kwa moja hadi kumbukumbu halisi. Mgeni akibadili majedwali yake hana budi kutoa amri ya kufuta tafsiri za zamani, na amri hiyo ni nyeti. CP inamdakia hapo na kuvisafisha vivuli.

Lakini mimi nikiulizwa jasho lilimwagika wapi, nitasema kwenye chaneli. Diski na tepu haziongozwi na prosesa moja kwa moja. Zina prosesa zao ndogo, chaneli, zinazosoma programu zao wenyewe kutoka kwenye kumbukumbu. Na chaneli hazipiti kwenye majedwali ya anwani. Ukimwachia mgeni apeleke programu yake ya chaneli kama ilivyo, data itamwagika kwenye kumbukumbu ya mtu mwingine. Kwa hiyo kila mara CP ilinakili programu nzima, ikarekebisha anwani moja moja, ikazizuia kurasa husika zisihamishwe hadi diski imalize, kisha ikageuza majibu kurudi kwenye anwani anazozijua mgeni. Na hata hivyo ISAM iliwashinda. Njia hiyo ya IBM ya kutafuta rekodi ilikuwa na programu za chaneli zinazojibadilisha zikiwa njiani: data iliyosomwa ilitua juu ya amri inayofuata. Nakala ya CP na ya mgeni zikaachana. Dawa ilikuwa kuandika kwenye orodha ya watumiaji kwamba fulani anatumia ISAM, ili ashughulikiwe kwa namna ya pekee. Si dawa nzuri, lakini iliponya.

Makatizo mengi ni gharama, na hapa pana utani ninaoupenda. System/360 ilikuwa na amri iitwayo DIAGNOSE, ambayo mwongozo ulisema maana yake inategemea modeli ya mashine. Wahandisi wa CP wakasema sawa, mashine pepe nayo ni modeli. Wakaigeuza mlango wa mgeni kumwomba mwenyeji moja kwa moja: nisomee kipande hiki cha diski, basi. CMS ikauzoea mlango huo hadi, kufikia VM/370, haikuweza tena kuishi kwenye mashine tupu. Ile ya CP-67 iliweza.

Tabia ya amri nyeti kupiga yowe si ya kila mashine. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliiandika kama sharti la kinadharia, na prosesa za x86 zilizokuja baadaye hazikulitimiza. Amri yao ya POPF, ikijaribu kufungia makatizo bila ruhusa, inapita kimya kimya. Hakuna yowe, hakuna wa kuamka. Kampuni ya VMware, mwaka 1999, ililazimika kuchambua msimbo wa mgeni na kuuandika upya ukiwa mbioni. Intel na AMD, watengenezaji wa prosesa hizo, zilirekebisha maunzi yao mwaka 2005 na 2006.

Kule Cambridge, miaka mingi kabla ya hapo, hawakusubiri maunzi. System/370 yenye kumbukumbu pepe ilipokuwa bado haijapatikana, waliirekebisha CP-67 iigize mashine hiyo, wakaandika mfumo wake juu ya maigizo. Kompyuta yao ilitumiwa pia na watu wa nje, wakiwemo wanafunzi, na mashine mpya ilikuwa siri. Hivyo wakaificha ndani ya mashine pepe. Chini kabisa chuma cha System/360 Model 67, juu yake CP-67 ya kila siku, ndani yake CP-67 inayoigiza 370, ndani yake CP iliyoandikwa kwa ajili ya 370, na ndani ya hiyo mtu mmoja akiandika IPL CMS.