Jicho la Mkutubi

Mkutubi hodari akishika kitabu kuhusu Afrika hababaishwi na jalada, ambalo mara nyingi lina mgunga na jua la machweo. Huanza na ramani. Sudan ikiwa bado nchi moja, basi ramani ilichorwa kabla ya Julai 2011. Kisha hutazama picha: watoto wana majina? Mji wao umetajwa? Yupo anayefua sare yake, anayegombana na dada yake?

Naiheshimu sana kazi hii, hasa katika shule za kati za Marekani, ambako mwanafunzi wa darasa la saba aweza kumaliza mwaka na kitabu kimoja tu kuhusu bara letu. Huenda kikawa A Long Walk to Water cha Linda Sue Park (2010), kisa cha Salva Dut aliyekimbia vita vya Sudan mwaka 1985, akiwa na miaka 11. Ni kitabu kizuri, na shirika la Salva mwenyewe huchimba visima Sudan Kusini. Lakini kikisomwa peke yake, Afrika yote hugeuka vita na kiu. Mkutubi anayeijua kazi yake hakiondoi, hukitafutia wenzake.

Humleta William Kamkwamba wa Malawi, aliyeacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002, akajisomea katika maktaba ya shule ya msingi Wimbe, akaunda kinu cha upepo kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya plastiki. Humleta Naledi wa Journey to Jo'burg, kitabu cha Beverley Naidoo cha 1985 kilichopigwa marufuku na utawala wa makaburu: mdogo wake mchanga anaumwa, naye Naledi na mdogo wake wa kiume, Tiro, hawangoji mwokozi, wanaondoka kwa miguu kumfuata mama kazini. Humwongeza Sunny, mhusika wa mwandishi Nnedi Okorafor, binti mwenye ualbino, mpenda kandanda, aliyezama katika mambo ya uchawi huko Nigeria. Watoto wetu nao wana haki ya hadithi za raha tupu.

Anayehitaji mwongozo ana tuzo za Children's Africana Book Awards, zilizoanzishwa ili kuhimiza vitabu vya watoto vinavyoionyesha Afrika kwa usahihi.

Siku hizi katika darasa hilo la Marekani huenda ameketi Mkongomani mdogo aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Mkutubi humfikiria huyo kwanza: wenzake watakapofungua ukurasa, atainamisha kichwa, au atanyoosha mkono awafundishe kutamka majina?